Mkono Waliokataa Kuubusu: Mashahidi wa Yehova Chini ya Hitler

Wahenga wetu hawakutuachia methali nyingi za kumkabili mwenye nguvu. Walituachia za kumkwepa. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mwenye nguvu mpishe. Funika kombe mwanaharamu apite. Bora nusu shari kuliko shari kamili. Ni hekima ya watu waliotawaliwa na sultani, kisha Mjerumani, kisha Mwingereza, na bado wakapata watoto wa kuwarithisha lugha. Siibezi. Nimelelewa nayo, na si mara moja imeniokoa.

Ila kuna kundi dogo la watu ambao kila nikisoma habari zao najiuliza kama methali hizo zinatosha. Ni Mashahidi wa Yehova wa Ujerumani ya Hitler. Wengi wetu tunawajua Mashahidi kwa sura moja: Jumamosi asubuhi, wawili wawili, nguo zimepigwa pasi, begi la magazeti begani, hodi mlangoni. Wanazi walipotwaa madaraka Januari 1933, watu wa namna hiyo walikuwa kama 25,000 katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 65. Hawakuwa na askofu wa kuwasemea wala mbunge. Hawakuwa na mkataba na serikali kama ule ambao Vatikani iliutia saini Julai mwaka huo. Walikuwa na kiwanda cha uchapishaji mjini Magdeburg, na miguu yao ya kutembelea nyumba kwa nyumba.

Walichotakiwa kufanya hakikuwa kikubwa, na hapo ndipo penye ugumu. Kusema "Heil Hitler" ukiingia dukani. Kunyoosha mkono bendera inapopita. Kupiga kura ya ndiyo. Kujiunga na chama cha wafanyakazi cha serikali. Machi 1935 Hitler aliporudisha jeshi la lazima, vijana wakatakiwa pia kuvaa sare. Kwa Mjerumani wa kawaida "heil" ilikuwa imeshageuka salamu ya mdomoni tu, kama sisi tunavyosema "mambo". Kwa Shahidi neno lile lilibaki na maana yake ya wokovu, na Matendo 4:12 inasema hakuna wokovu katika mwingine awaye yote. Kumtamkia mwanadamu wokovu kulikuwa ni kumwabudu. Isitoshe, tangu 1929 jumuiya yao ilikuwa ikifundisha kwamba "mamlaka iliyo kuu" ya Warumi 13 ni Mungu na Kristo, si serikali (fundisho hilo walilirekebisha 1962). Andiko ambalo Wakristo wenzao walilikimbilia ili watii, kwao halikuwa kimbilio.

Sasa tuipe haki yake hoja ya wanaosema wangeitikia tu yakaisha. Ni hoja nzito. Naamani Mshami, alipokwisha kuponywa ukoma, alimwomba nabii Elisha asamehewe atakapolazimika kuinama katika hekalu la Rimoni akiwa amemshika mkono mfalme wake, na nabii akamwacha aende kwa amani. Waislamu wana Ammar bin Yasir, aliyeteswa Makka mpaka ulimi wake ukatamka alichokitaka mtesaji, na aya ya 106 ya Sura An-Nahl inamtoa lawamani aliyelazimishwa ilhali moyo wake umetulia katika imani. Maandiko ya dini mbili kubwa tunazoishi nazo yanajua kwamba mwili una kikomo, na kwamba Mungu husoma kifuani hata kama mdomo umesema lingine. Anayewaita Mashahidi wakaidi waliojitafutia shari hatoi maneno hewani.

Na wapo walioinama, wakapona. Wasabato wa Ujerumani walikuwa kundi dogo pia, ingawa kubwa kidogo kuliko Mashahidi. Tarehe 26 Novemba 1933 kanisa lao lilipigwa marufuku. Siku kumi baadaye, 6 Desemba, marufuku ikaondolewa. Siku kumi zile ziliwatosha. Viongozi wao wakaamua kuionyesha serikali kwamba wao ni raia wema, wasioleta matata, wenye kazi nzuri ya kuwasaidia maskini. Mkuu wa huduma zao za jamii, Hulda Jost, alizunguka Marekani mwaka 1936 akiisifu Ujerumani mpya. Neno "Sabato" lenyewe, kwa kuwa lilinukia Uyahudi, likawekwa kando, pakatumika "siku ya mapumziko". Makanisa yao yakabaki wazi. Watu wakabatizwa, wakaoana, wakazikwa na wenzao wakiimba. Mwenye kudhani hilo ni jambo dogo hajawahi kuona kanisa au msikiti wake ukipigwa kufuli. Wasabato wa kundi lililojitenga kwa kukataa vita, wao walipigwa marufuku 1936, na wengine wakafia kifungoni.

Kuna ukweli mwingine ambao wanaowatukuza Mashahidi huupitia haraka haraka: nao walijaribu kuubusu mkono. Tarehe 25 Juni 1933, siku moja baada ya Prussia, jimbo kubwa kuliko yote Ujerumani, kuwapiga marufuku, watu kama 7,000 walikusanyika katika ukumbi wa Wilmersdorf, Berlin. Wakapitisha tamko, na nakala zaidi ya milioni mbili zikasambazwa nchi nzima. Tamko lilisema kwamba wao hawana ugomvi na serikali, kwamba wanakubaliana na maadili ya juu ambayo serikali hiyo inayatangaza, na kwamba dhuluma ya dunia inatoka kwa dola la Uingereza na Marekani na kwa Wayahudi wafanyabiashara wa huko. Ndiyo, waliandika hivyo, katika mwaka ambao maduka ya Wayahudi yalikuwa tayari yamewekewa walinzi mlangoni wa kuwafukuza wateja. Watetezi wao hueleza kwamba lugha ile ililenga matajiri na si taifa zima, na kwamba wapo waliotoka ukumbini wamevunjika moyo kwa kuona tamko ni legevu. Mimi sioni namna ya kulisafisha. Serikali haikulijali hata kidogo. Walipekuliwa, vitabu vyao vikachomwa moto, kiwanda kikachukuliwa.

Baada ya hapo wakabadilika, na mabadiliko hayo yana tarehe. Oktoba 7, 1934, makutaniko yao kote Ujerumani yalikutana kwa siri, yakasali, yakamwandikia Hitler barua moja yenye maneno yale yale: tutamtii Mungu kwanza, liwalo na liwe. Simu za maandishi za kumlaani zikamiminika kutoka kwa wenzao wa nchi nyingine. Desemba 12, 1936, miezi michache baada ya Gestapo, polisi wa siri wa Kinazi, kuwakamata maelfu na kudhani imeumaliza mtandao wao, Mashahidi katika miji mingi walitoka jioni saa ile ile, wakatia vikaratasi vya kuishutumu serikali kwenye masanduku ya barua na chini ya milango, wakatoweka. Juni 1937 wakatoa barua ya wazi iliyotaja kwa majina watesaji na watu waliopigwa hadi kufa. Wakati huo baadhi ya magazeti makubwa ya nchi jirani bado yalikuwa yanapima maneno.

Jibu lilikuwa kambi. Huko walishonewa pembetatu ya zambarau kifuani, alama ya kuwatambulisha. Kama Mashahidi 10,000 walionja jela au kambi katika miaka ile. Wajerumani kama 1,000 kati yao walifia humo, na wengine kama 400 kutoka nchi zilizovamiwa. Kama 250 zaidi waliuawa kwa hukumu, wengi wao na mahakama za kijeshi kwa kukataa kushika bunduki.

Mmoja wao nataka tumtazame kwa karibu. August Dickmann alikuwa amefungwa katika kambi ya Sachsenhausen, karibu na Berlin. Vita ilipoanza Septemba 1939, kitambulisho chake cha jeshi kilifika nyumbani, mkewe akakituma kambini, na Gestapo wakamtaka akisaini. Akakataa. Jioni ya Septemba 15 wafungwa wote walipangwa uwanjani, Mashahidi wenzake mia kadhaa wakasogezwa mbele waone vizuri. Akapigwa risasi. Ndugu yake Heinrich, mfungwa vilevile, akaamriwa kusaidia kuutia mwili kwenye sanduku. Kisha mkuu wa kambi, Hermann Baranowski, akauliza nani sasa yuko tayari kusaini karatasi ya kuikana imani yake. Waliokuwepo wamesimulia kwamba wawili walitoka kwenye mstari. Walisema walikuwa wamesaini siku za nyuma, wakaomba saini zao zifutwe.

Hiyo saini ndiyo kiini cha suala lote. Mfungwa wa pembetatu ya zambarau alikuwa na kitu ambacho Myahudi na Msinti (mtu wa jamii ya Waroma wa Ujerumani) hawakuwa nacho kamwe: mlango. Alipewa karatasi, na akiisaini aliweza kurudi kwao. Hilo lazima lisemwe wazi, kwa sababu tukizungumzia mateso ya Mashahidi kana kwamba yalikuwa sawa na ya Wayahudi tunawadhulumu Wayahudi. Hakuna maneno ambayo mtoto wa Kiyahudi angeyatamka akaachwa. Kuna wanaotumia hoja hii kuupunguza ushujaa wa Mashahidi. Mimi naona inaupa uzito wa aina nyingine, maana kila asubuhi waliyoamka mle kambini ilikuwa ni uamuzi mpya.

Lakini tuisome karatasi yenyewe. Ilimtaka mtu akiri kwamba jumuiya yake inaeneza mafundisho ya uongo na kuipinga serikali kwa kivuli cha dini. Ilimtaka aahidi kuilinda nchi kwa silaha. Na ilimtaka aahidi kumripoti kwa polisi mtu yeyote atakayemwendea na mafundisho hayo. Hapo Naamani hayupo tena. Naamani aliinama, goti lilikuwa lake, na hakuna jirani aliyeumia. Ammar alitamka neno, na neno halikumtia mtu mwingine kitanzini. Karatasi ya Gestapo ilidai mwenzako. Busu lenyewe lilikuwa linalipwa na mtu wa tatu.

Nikishaipata tofauti hiyo, naweza kuwatazama wote bila kuwaonea. Msabato aliyesema "siku ya mapumziko" badala ya "Sabato" alifanya alichofanya Naamani, na siwezi kumnyooshea kidole. Lakini yapo makutaniko ya Wasabato yaliyowatoa waumini wao wenye asili ya Kiyahudi. Hilo ni busu lililolipwa na mwingine. Wamormoni wa Hamburg walikuwa na kijana wa miaka 17, Helmuth Hübener, aliyesikiliza redio ya London kwa siri na kuchapa vikaratasi vya kupinga vita. Alipokamatwa, Februari 1942, kiongozi wa tawi lake alimtenga na kanisa. Oktoba 27 akakatwa kichwa katika gereza la Plötzensee. Wanaomtetea kiongozi yule husema alitaka kuliokoa kundi zima, na huenda kweli kundi liliokoka. Baada ya vita kanisa lilimrudisha Helmuth katika orodha ya waumini. Na tamko la Mashahidi la 1933, lililowataja Wayahudi ili kujinasua, liko hapo hapo kwenye mizani. Halikuwasaidia, lakini lilijaribu kulipa kwa pesa ya mtu mwingine.

Waliponaje basi waliokataa? Imani, watasema wenyewe, na sina sababu ya kubisha. Ila imani ilikuwa na mikono. Waliwekwa pamoja katika mabweni yao, jambo ambalo walinzi walidhani ni adhabu. Humo walichanga vyakula na pesa zilizotumwa kutoka nyumbani, wakagawana, asiyetumiwa akapata kama aliyetumiwa. Walificha kurasa za Biblia na kuzikariri. Margarete Buber-Neumann, mkomunisti wa zamani aliyekwishafungwa na Stalin kabla Stalin hajamkabidhi kwa Hitler, aliwekwa kuwa msimamizi wa bweni la wanawake wa Mashahidi huko Ravensbrück. Ameeleza bweni lililong'aa, ambalo hakuna aliyemwibia mwenzake mkate, hata wakuu wa kambi wakawa wanawapitisha wageni humo kama maonyesho. Ameeleza pia misimamo iliyomchosha, kama wale waliokataa kula soseji za damu huku wakifa njaa. Yeye mwenyewe hakuwa mwenzao wa dini, na ndiyo maana ushahidi wake nauamini. Wanawake hao hao Desemba 1939 walikataa kushona vifuko vya risasi, wakasimamishwa nje kwenye baridi kali na kunyimwa chakula, na hawakushona.

Aprili 1945 Sachsenhausen ilipohamishwa kwa miguu, katika safari ambayo aliyeanguka alipigwa risasi, Mashahidi 230 wa mataifa sita walikwenda pamoja, wanyonge wakisaidiwa na wenye nguvu, na wakaufikia pamoja msitu wa karibu na Schwerin. Peke yake mtu hapiti njia ile.

Sasa upande ambao haupendezi. Himmler, mkuu wa SS, kikosi cha Kinazi kilichoendesha kambi, aligundua kwamba hawa hawatoroki, hawaibi, hawanywi, na wakipewa kazi isiyo ya vita wanaifanya vizuri. Akaanza kuwagawa kwa maofisa wa SS kama watumishi wa nyumbani, wapishi, walezi wa watoto. Kinyozi Shahidi aliaminiwa na wembe shingoni mwa muuaji. Nyumbani kwa Rudolf Höss, mkuu wa kambi ya Auschwitz, walifanya kazi wanawake wawili wa Mashahidi. Julai 1944 Himmler alifikia hata kuandika wazo la kuwapa makazi mashariki baada ya vita, wawe kama ukuta mpole dhidi ya Warusi. Wafungwa wengine waliwalaumu, na lawama hiyo naielewa. Mtu anayekataa kupiga saluti lakini anamlea mtoto wa mkuu wa Auschwitz ameuchora mstari wake mahali ambapo mimi nisingeuchora. Kinga ya dhamiri yao ilikuwa ya kwao kwanza. Hawakuanza kupinga Unazi kwa ajili ya jirani, walianza kwa ajili ya ibada yao. Hata hivyo kazi hizo ziliwapa baadhi yao nafasi ya kupenyeza mkate kwa wengine na maandiko kutoka kambi hadi kambi, na zikawaweka hai.

Vita ikaisha, na kila mmoja akabaki na deni lake. Mwaka 2005, miaka 60 baadaye, Wasabato wa Ujerumani na Austria walitoa tamko la kuomba radhi, wakiungama kwamba waliwatupa ndugu zao wenye asili ya Kiyahudi. Mashahidi wao hawakupata hata nafasi ya kupumua. Agosti 31, 1950 Ujerumani Mashariki iliwapiga marufuku, na wapo waliotoka kambi za Hitler wakaingia magereza ya wakomunisti. Aprili 1951 Stalin aliwapakia zaidi ya 8,000 kwenye treni za kwenda Siberia. Huku kwetu, Malawi ya Kamuzu Banda iliwapiga marufuku 1967, na 1972 waliokataa kununua kadi ya chama walipigwa, wakachomewa nyumba, wakakimbilia Zambia na Msumbiji kwa maelfu, mpaka marufuku ilipoondolewa 1993. Rwanda ya Habyarimana iliwafunga 1986 kwa kukataa kuwamo katika chama cha MRND, ambacho kwa sheria kila Mnyarwanda alihesabiwa ni mwanachama wake. Salamu, saini, kadi. Miaka 60 na mabara mawili, na kinachodaiwa ni kile kile.

Nimesema mzani wangu ni huu: nani analipa? Kwa mzani huo naegemea upande wa waliokataa. Lakini mzani huo huo unanirudia, na sitaki kujifanya haunirudii.

Familia ya Kusserow iliishi Bad Lippspringe, baba, mama na watoto 11, wote katika imani hiyo. Mwaka 1939 polisi waliwachukua wadogo watatu shuleni, Elisabeth aliyekuwa na miaka kama 13, na Hans-Werner na Paul-Gerhard waliomfuata, kwa sababu hawakuwa wakipiga saluti. Wakapelekwa kwenye taasisi za kuwarekebisha tabia, mbali na mama yao. Mamia ya watoto wa Mashahidi walichukuliwa namna hiyo, wakapelekwa kwenye taasisi au kwenye familia za Kinazi. Aprili 1940 kaka yao Wilhelm alipigwa risasi Münster kwa kukataa jeshi. Machi 1942 kaka yao Wolfgang, akiwa na miaka 20, akakatwa kichwa Brandenburg. Hao wawili walikuwa watu wazima, walichagua wenyewe, na barua walizowaandikia wazazi kabla ya kufa zinasema hivyo. Wale watatu wa shuleni hawakuulizwa na mtu. Baba angeweza kuwaambia: semeni tu hilo neno, wanangu, mrudi nyumbani saa saba mle.

Mwaka 1945 walirudi, baada ya miaka sita. Hao watoto walipokuwa watu wazima hawakuwalaumu wazazi wao, na mmoja alitumia miaka mingi akieleza habari za nyumba ile kwa fahari. Nimelipokea neno lao, kwa kuwa ni lao kulisema. Ila kila nikifika kwenye ile siku ya shuleni nasimama, kwa sababu nina watoto, na najua ningewaambia nini.